Kanuni za Mafuta na Mwenye Lori Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha lori la kuajiriwa hapa Marekani na sasa nataka kununua kichwa na tela vyangu mwenyewe. Wenzangu wananitisha kwamba kanuni za serikali kuhusu matumizi ya mafuta zitanifilisi. Je, ni kweli?
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Ndugu msomaji, kanuni hizo, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2011 na kukazwa mwaka 2016, ziliandikwa kumbana mtengenezaji wa kichwa na injini, si mnunuzi, hakuna askari atakayekusimamisha kukuuliza galoni moja imekupeleka maili ngapi. Wewe utakutana nazo kwenye bei, kwa kuwa kichwa kipya chenye umbo la kukata upepo ni ghali zaidi. Lakini piga hesabu kabla ya kuogopa: anayekwenda maili 100,000 kwa mwaka, akitoka maili 6 kwa galoni hadi 7, huokoa galoni zipatazo 2,380, na hapo ndipo mkopo unapoanza kulipika. Anayezunguka mjini kwa mwendo wa polepole hafaidi hivyo, maana upepo haumsumbui sana.

Kuhusu matela, mahakama ya rufaa ya Washington iliifuta mwaka 2021 sehemu iliyoyahusu. Ila ukipokea mizigo ya California, uwe mwangalifu: jimbo hilo lilijiwekea kanuni yake, inayodai tela la boksi la futi 53 liwe na matairi yanayoviringika kwa wepesi na vifaa vya kupunguza ukinzani wa upepo, kama yale mabamba marefu ya ubavuni.