Maswali na majibu: waliovushwa Bahari ya Atlantiki

Maswali yenu safari hii ni ya biashara ya watumwa ya Atlantiki, ile iliyotoa watu Afrika kwenda upande wa Amerika, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

"Ticha shikamoo. Hivi ni watu wangapi hasa walichukuliwa, na wote walipelekwa Marekani?" (Morogoro)

Marahaba. Wanahistoria wamekusanya kumbukumbu za safari za meli kama 36,000 hivi, bandari ilikotoka, ilikofika, walipanda wangapi wakashuka wangapi, na hesabu inakuja watu milioni 12.5 waliopakiwa kuanzia miaka ya 1500 mpaka 1866. Waliofika hai ni kama milioni 10.7. Toa hapo uone, karibu milioni 1.8 waliishia baharini, na hao ni waliofika kwenye meli tu, waliokufa wakitembezwa na minyororo kutoka bara mpaka pwani hawamo humo.

Na Marekani wengi tunaitaja kwa sababu ya muvi. Marekani ya leo ilipokea chini ya laki nne moja kwa moja kutoka Afrika, Brazil peke yake ilipokea karibu milioni 4.9, na Jamaica, kisiwa kidogo vile, kama milioni moja. Iliyokuwa inamaliza watu ni sukari. Miwa ikishakatwa haisubiri, inaharibika, kwa hiyo kinu kinasaga usiku na mchana msimu mzima na watu wanasinzia wamesimama, na aliyesinzia mkono ukaingia kwenye kinu ulikatwa na panga lililowekwa pale pale kwa kazi hiyo. Watu walikufa wengi kuliko waliozaliwa, na mwenye shamba aliona bora anunue wengine kuliko kuwatunza aliokuwa nao.

"Mbona tunawalaumu Wazungu wakati wafalme wetu wenyewe ndio waliuza watu?" (Kahama)

Ni kweli waliuza, mimi silikimbii hilo. Wazungu kwa miaka mingi hawakuweza kuingia bara, malaria ingewamaliza, walikaa kwenye ngome za pwani kama Elmina, iliyojengwa na Wareno 1482 kule Ghana, wakisubiri kuletewa. Waliowaleta walikuwa Waafrika. Dahomey, ufalme uliokuwa Benin ya leo, ilijijenga kwa biashara hiyo.

Ila angalia mambo mawili. La kwanza, hakuna aliyekuwa anamuuza "mwenzake". Mtu wa Dahomey hakumwona Myoruba kama Mwafrika mwenzie, alimwona adui wa vitani, hilo neno Mwafrika lenyewe halikuwepo vichwani mwao. La pili, ukishaweka bunduki kama bei ya mtu, jirani asiyeuza anakuwa ndiye anayeuzwa. Mfalme Afonso wa Kongo, Mkristo, msomi, alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526 akilalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake kila siku, mpaka watoto wa wakubwa na ndugu zake mwenyewe. Alitaka ikomeshwe, haikukomeshwa. Na yeye mwenyewe alikuwa ameshauza mateka wa vita kabla ya hapo, moto aliouwasha kwa jirani ukarudi nyumbani kwake. Mimi barua ile naisoma na darasa kila mwaka na kila mwaka inaniuma.

Na hapa ndipo athari zilipo hasa, maana watu hawakukamatwa vitani tu. Wengine waliibwa njiani, wengine waliuzwa kwa deni, wengine walihukumiwa kwa kosa dogo kwa sababu hukumu ilikuwa na mnunuzi, wengine waliuzwa na mtu wanayemjua kabisa. Wachumi wawili, Nathan Nunn na Leonard Wantchekon, walilinganisha hesabu za meli na majibu ya watu wa siku hizi wakaona kabila lililoporwa zaidi zamani ndilo ambalo watu wake leo wanaaminiana kidogo, hata na jirani, hata na ndugu. Miaka mia mbili baadaye jamani!

"Uingereza si ndiyo iliyokomesha utumwa kwa huruma?" (Arusha)

Walikuwepo Waingereza waliopigana kweli kweli, wanawake walikataa kununua sukari ya watumwa, siwanyimi haki yao. Lakini nenda kwenye makaratasi. Mwaka 1781 mabaharia wa meli ya Zong, ya wafanyabiashara wa Liverpool, walitupa baharini watu zaidi ya 120 wakiwa hai wakidai maji ya kunywa yamepungua, halafu wenye meli wakadai bima, pauni 30 kwa kila mtu. Kesi ilifika mahakamani London 1783 na ikasikilizwa kama kesi ya bima ya mzigo, hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa kwa kuua.

Biashara ikapigwa marufuku 1807, utumwa wenyewe kwenye makoloni yao ukafutwa kwa sheria ya 1833, na serikali ikatenga pauni milioni 20 za fidia, hela nyingi mno kwa wakati ule. Zikaenda kwa wenye watumwa! Waliofanya kazi bila mshahara hawakupewa hata senti na wengi wakafungwa kwa bwana yule yule mpaka 1838 kwa jina la mafunzo. Mkopo wa kulipia ile fidia umemalizika 2015, yaani wajukuu wa watumwa wanaoishi Uingereza nao wameulipa kwa kodi zao.

"Kwa nini walikubali tu? Mbona hawakupigana?" (Nakuru)

Walipigana dada. Meli zilifungwa nyavu pembeni ili watu wasijirushe, na uasi ndani ya meli ulikuwa jambo la kawaida. Brazil watoro walijenga Palmares, makazi ya maelfu ya watu yaliyodumu karibu karne nzima, kiongozi wao Zumbi aliuawa 1695. Na Haiti walianza 1791, wakawashinda Wafaransa wa Napoleon, wakatangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Mwaka 1825 Ufaransa ikarudi na manowari ikadai faranga milioni 150 kufidia mashamba na watu iliowapoteza, wakapunguza baadaye kuwa 90, na Haiti ikakopa huku na kule kulipa mpaka madeni yake yakaisha 1947. Anayekuuliza kwa nini Haiti ni maskini mwambie aanzie hapo.

"Bibi yangu anaita kitambaa kigumu cheupe 'merikani', kina uhusiano?" (Tanga)

Kinao. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuja Unguja kutafuta pembe na sandarusi, 1833 Marekani ikaandikiana mkataba na Seyyid Said, na walichokuja nacho ni jora za pamba nzito isiyotiwa rangi. Jora hizo zilikatwa doti, zikabebwa vichwani mpaka Tabora na Ujiji, na huko bara zilitumika kama hela. Sasa pamba yenyewe ililimwa wapi? Kusini mwa Marekani, na watumwa. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipozuka kule 1861 merikani ikaadimika Unguja na vitambaa vya Uingereza na India vikaingia sokoni. Mwambie bibi jina analotamka limetoka mbali.

"Sisi Wamakua tulipelekwa huko au ni Magharibi tu?" (Masasi)

Mlipelekwa. Kutoka Msumbiji na pwani yetu ya kusini walivushwa zaidi ya laki tano, wengi mwishoni mwa karne ya 18 na katika karne ya 19, wengi Brazil, safari ya miezi miwili na zaidi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika Kusini.

Desemba 1794 meli ya Kireno, São José Paquete d'Africa, ilitoka Kisiwa cha Msumbiji na watu zaidi ya 400 ikielekea Maranhão, Brazil, ikapasuka kwenye miamba karibu na Cape Town. Zaidi ya 200 walizama. Waliookolewa waliuzwa pale pale Cape. Wapiga mbizi walipoitambua, kitu kimojawapo kilichowathibitishia ni farumi za chuma, yaani uzito unaowekwa chini ili meli isiyumbe, maana orodha ya mizigo ilitaja vipande zaidi ya elfu moja. Meli ya watumwa ilihitaji farumi nyingi kwa sababu mwili wa mtu ni mwepesi kuliko shehena ya kawaida, kwa hiyo waliupima uzito wenu ulivyopungua wakajazia chuma.

Mwaka 2015 Wamakua wa Mossuril, ng'ambo ya kile kisiwa, walitoa udongo wa kwao kwenye kikapu kilichopambwa kauri, na wapiga mbizi wakaumwaga baharini karibu na pale ilipozama ile meli.