Yarudishe Maneno ya Mzee Kwenye Faili

Chumbageni, Tanga

Mwanangu Bakari,

Marahaba. Barua yako imenifikia, na sisi hapa nyumbani hatujambo. Mama yako anakusalimu sana.

Unasema wodini kwenu yupo mzee aliyekatwa mguu juu ya goti kwa sababu ya kisukari, na kila asubuhi anakuambia kwamba kidole gumba cha mguu ule usiokuwepo kinamwasha, na kwamba vidole vyake vimekunjamana kana kwamba vimebanwa ndani ya kiatu kidogo. Uliyaandika hayo, na mkubwa wako mmoja akakuagiza uyafute uandike "maumivu ya kigutu", kwa kuwa faili si mahali pa porojo. Unaniuliza kama alikuwa na haki, na kama simulizi ya mgonjwa bado ina thamani siku hizi ambapo ubongo unaweza kupigwa picha. Jibu langu ni kwamba uyarudishe maneno ya mzee huyo kama alivyoyatamka. Sikwambii hivi kwa kumwonea mgonjwa huruma tu.

Nilipokuwa muuguzi katika zahanati ya shamba la mkonge upande wa Muheza, tulikuwa na mfanyakazi ambaye mkono wake wa kulia ulivutwa na korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge ili kutoa nyuzi, pamoja na majani yenyewe, ukakatwa juu ya kiwiko. Kidonda kilipona vizuri. Hata hivyo alikuwa akija kunigongea usiku, akilalamika kwamba ngumi ya mkono ule imefumbwa, kucha zinamchoma kiganjani, na hana namna ya kuifumbua. Vidonge vya maumivu nilivyompa havikumsaidia. Jumapili moja nilimkuta ananyolewa chini ya mwembe. Wembe ulipopita kwenye shavu la kulia alishtuka, akakishika kigutu kwa mkono wa kushoto, akamwambia kinyozi, "Taratibu, unanipitia kwenye vidole." Waliokuwepo wakacheka. Mimi sikucheka, lakini nilirudi zahanati bila kuandika hata neno moja, na alipopelekwa hospitali aliandikiwa dawa ya usingizi na kuambiwa kwamba ana wasiwasi tu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Linaniuma zaidi kwa sababu baadaye nilisoma kwamba mtu yule alikuwa ametamka mbele yangu jambo ambalo wataalamu walikuja kulichunguza kwa makini. Daktari Silas Weir Mitchell, aliyewatibu askari waliojeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1871 juu ya hisia za viungo vilivyokatwa, naye alivifananisha na mizuka. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa ubongo V. S. Ramachandran, huko California, alimgusa shavuni kijana aliyekatwa mkono, na kijana akasema anaguswa pia kwenye vidole visivyokuwepo. Maelezo yake, ambayo wataalamu bado wanayajadili, ni kwamba sehemu ya ubongo inayopokea hisia za mkono imepakana na ile ya uso, na mkono ukiacha kuleta habari, jirani huingia katika eneo lake.

Sasa nataka utazame tumejuaje kwamba sehemu hizo ni majirani. Daktari wa upasuaji Wilder Penfield, mjini Montreal, alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa kuwa ubongo wenyewe hauhisi maumivu na ngozi ya kichwa inatosha kutiwa ganzi. Aligusa hapa na pale kwa umeme mdogo, na mgonjwa akamwambia anachohisi: midomo inachonyota, kidole gumba kinasisimka. Ramani aliyoichapisha mwaka 1937 pamoja na mwenzake, ambayo imo katika vitabu vyako vyote, sehemu kubwa ya habari zake ilitoka vinywani mwa wagonjwa. Mtu anayesema kwamba picha imechukua nafasi ya simulizi amesahau jambo hilo, kwa sababu mashine itakuonyesha mahali palipobadilika, lakini haitakuambia kwamba ngumi imefumbwa. Na Ramachandran, kwa kuwa aliamini kwamba ngumi imefumbwa, alisimamisha kioo kati ya mkono mzima na kigutu, ili mgonjwa akifumbua mkono mzima aone kana kwamba ule uliopotea nao unafumbuka. Wako waliopata nafuu kwa njia hiyo na wako ambao haikuwasaidia, lakini dawa hiyo isingebuniwa kamwe na mtu aliyeandika "maumivu ya kigutu".

Kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kukueleza. Bibi yako wa Pangani, presha ya macho ilipokwisha kumpofusha, alikuwa akiona watoto wadogo wenye kanzu nyeupe na kofia za viua wakipita ukutani kwa mstari, kimya kabisa. Alikaa na siri hiyo karibu miaka miwili, akihofu kwamba ataambiwa ana shetani na kupigiwa ngoma, na aliponieleza alininong'oneza, ingawa tulikuwa wawili tu barazani. Akili yake ilikuwa timamu. Alijua fika kwamba watoto wale hawapo. Mauzauza ya namna hiyo yanafahamika kwa jina la Charles Bonnet, mwanazuoni wa Geneva, ambaye mwaka 1760 aliandika habari za babu yake aliyepungukiwa na uwezo wa kuona, akawa anaona watu, ndege na majengo huku akijua si ya kweli. Ubongo ukikosa habari kutoka machoni hujitengenezea picha zake, jambo linalokaribiana na lile la mkono wa mfanyakazi wetu. Nilipomsomea bibi yako maelezo hayo alilia, kisha akaniuliza kama babu yule wa Geneva naye aliogopa.

Na usidhani mambo haya hutoka ng'ambo tu. Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliandika habari za watoto waliokuwa wakiangusha vichwa mbele mara kwa mara kama wanaosinzia. Miongo kadhaa baadaye, watoto wengi wa Sudan Kusini na Uganda walipoonekana na hali hiyo, na watafiti wakawa wanachunguza uhusiano wake na minyoo ya usubi, maandishi ya Mahenge yalikuwepo ya kurejewa.

Ila kuandika maneno ya mgonjwa kunahitaji uangalifu, hasa katika lugha yetu. Mgonjwa akikwambia ana kizunguzungu, mwulize kama ni nyumba inayozunguka, au macho yanaingia giza anaposimama, au miguu haina uthabiti, kwa maana hayo ni magonjwa matatu tofauti, na ukiandika neno moja umeyachanganya yote. Ganzi nayo ni hivyo hivyo: mmoja ana maana kwamba hahisi moto wa kaa, mwingine anahisi sisimizi wanamtambaa, na wa tatu mguu wake hauna nguvu tu. Usimpe mgonjwa majibu mdomoni, kwa sababu wazee wetu kwa heshima watakuitikia "ndiyo, daktari" kwa kila utakalouliza. Wapo pia wanaosahau au wanaoongeza chumvi, na ndiyo sababu unamsikiliza leo, unamsikiliza tena keshokutwa, kisha unalinganisha na unachokipima. Maneno yake yaandike kwanza kwa Kiswahili chake, ndani ya alama za kunukuu, na tafsiri yako ya kidaktari iwe mstari wa chini, ili atakayesoma baada yako aweze kuipinga tafsiri bila kupoteza maneno.

Kesho asubuhi kaa kitini usawa wa kitanda cha mzee huyo. Mwulize vidole vimekunjwa kuelekea wapi, huwashwa saa ngapi, na kama mguu ule ulikuwa na kidonda au maumivu mahali hapo hapo kabla ya kukatwa. Mwulize pia kama kuna sehemu nyingine ya mwili ambayo ikiguswa humfikia vidoleni. Kisha niandikie alivyokujibu, kwa maneno yake.

Ni mimi baba yako.