Calaf mwacheni kwanza: maneno kwa tenori wapya

Nimekaa tena kwenye meza ya wasaili, na nimewasikia tena vijana wa tenori, sauti ya juu ya kiume, wa miaka ishirini na kitu, wakifungua kwa "Nessun dorma", wimbo wa Calaf katika opera Turandot ya Puccini. Jamani! Sauti nzuri, hewa ipo, halafu inafika ile noti ya juu, B ya "vincerò", mishipa ya shingo inasimama, na sisi mezani tunaandika neno moja: mapema. Nawasema kwa sababu nawapenda. Ningekuwa siwapendi ningewasema kwa wakala.

1. Usaili. Hatutafuti noti yako ya juu kabisa. Tunatafuta mtu tutakayemtegemea mpaka onyesho la mwisho. Leteni nyimbo za wahusika wepesi: Tamino na Ferrando wa Mozart, Nemorino wa Donizetti. Aria (wimbo wa mtu mmoja) ya kwanza unachagua wewe, ya pili tunachagua sisi kwenye orodha yako, kwa hiyo usiorodheshe wimbo ambao unaomba Mungu tusiuone. "Che gelida manina" ya La bohème kuishusha nusu toni si aibu, ni desturi ya zamani, ila uje na nota zilizokwisha kushushwa, mpiga piano si mchawi. Na hizo fotokopi! Mmoja kaleta karatasi zilizokatwa chini, mstari wa mkono wa kushoto haupo kabisa, kisha anamkodolea macho mpiga piano eti besi imekosewa. Gundisha kurasa zako, weka alama pale unapovuta pumzi, na mwendo mwonyeshe kwa kumwimbia chini chini vipimo viwili. Usimpigie vidole.

2. Kumaki. Wote mnajua maana yake, kuimba nusu sauti mazoezini ili kutunza koo, na wote mnaacha kumaki pindi soprano mpya anapoingia ukumbini.

Nilikuwa hivyo hivyo. Nilipewa Requiem ya Verdi, misa ya wafu ya kwaya, okestra na waimbaji wanne wa pekee, katika umri ambao nilipaswa kushukuru na kunyamaza. Mazoezi ya mwisho yalikuwa asubuhi, onyesho jioni ile ile. Kiongozi wa okestra alinieleza wazi: imba nusu sauti, nataka kusikia mizani tu. Nikaitikia, "Sawa, maestro." Ikafika "Ingemisco", wimbo wa tenori peke yake. Kwaya nzima iko nyuma yangu, nikajiambia hawa leo lazima wanijue. Nikaitoa yote mpaka ile B flati ya "parte dextra", tena nikaishikilia kuliko ilivyoandikwa. Kwaya ikapiga miguu sakafuni. Mzee aliyeimba besi, mtu wa maneno machache, akaniinamia: "Mwanangu, hiyo ilikuwa ya jioni." Nikacheka. Okestra ikaomba kurudia, nami nikarudia kwa nguvu zaidi.

Jioni "Kyrie", sehemu ya mwanzo, ilipita, na mnajua kati ya wale waimbaji wanne anayeanza ni sisi tenori. "Ingemisco" nayo ilitoka, kwa msuli, lakini ilitoka, nikadhani nimepona. Sikujua kwamba nyuzi za sauti zilizovimba hazianzi kukunyima sauti kubwa. Zinaanza kukunyima ile ndogo. Na Verdi amekuwekea "Hostias", sala ya sauti laini, mbele yako. Okestra inashuka karibu na kimya, nawe unatakiwa uingie laini, bila kusukuma. Nikafungua mdomo ikatoka hewa. Noti mbaya ningeivumilia, lakini hii ilikuwa hewa tupu. Silabi ya pili ikaja imekwaruza, nikasukuma, ikapasuka. Basi nikafanya anachofanya mwoga: nikaimba sehemu yote iliyobaki kwa sauti kubwa, sala ya unyenyekevu nikaitangaza kama mtu wa mnada. Safu za mbele watu wakainamia programu zao. Mezzo, yule mwimbaji wa kike wa sauti ya kati, akanisogezea maji bila kunitazama. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyenigombeza. Maestro alinipa mkono, akasema "asante kwa kazi", na hakuniita tena. Mzee wa besi ndiye pekee aliyeongea: kesho usizungumze, na usinong'one pia, kunong'ona kunachosha koo vilevile.

Kwa hiyo asubuhi ya onyesho jaribu kifungu kifupi cha juu kwa sauti ndogo kuliko zote. Kikikatika, umevimba, hata kama fortisimo yako, sauti kubwa kabisa, inang'aa.

3. Uzito wa sauti. Homa ya C ya juu si ya leo. Tenori Mfaransa Duprez alipoiimba kwa sauti ya kifua katika Guillaume Tell, Paris, 1837, watu walipagawa, ila Rossini, aliyeitunga opera yenyewe, hakuipenda. Tenori Bergonzi na Domingo walianza kama baritoni, sauti ya kiume ya chini kidogo, na tenori Kraus akabaki kwenye sauti nyepesi maisha yake yote na akaimba mpaka uzeeni. Mnaomtamani Radames, tenori wa opera Aida ya Verdi, kumbukeni wimbo wake "Celeste Aida" unakuja dakika chache baada ya pazia, koo halijapata moto, na B flati ya mwisho Verdi aliiandika ifie polepole kwa sauti ndogo. Karibu kila mtu huipiga kelele. Ukiweza kuiimba ilivyoandikwa, njoo tuongee.

4. Oratorio. Ni kazi ndefu ya kwaya, okestra na waimbaji wa pekee, isiyoigizwa. Msiidharau, ndiyo inayolisha wengi wetu. Ukipewa Mwinjilisti, msimulizi wa Mateso ya Mathayo ya Bach, anza kwa kuyasema maneno ya Kijerumani kama habari unayompa mtu, muziki ufuate baadaye. Katika Messiah ya Handel sauti ya kwanza ya binadamu kusikika ni yako, "Comfort ye", baada ya kukaa kimya muda wote wa uvertua, muziki wa okestra wa kufungulia, kwa hiyo pasha koo taratibu mdomo ukiwa umefungwa, nyuma ya pazia, kabla hujapanda jukwaani, na usijifanye unasoma nota huku umesinzia wenzako wakiimba. Tunaona.

5. Koo. Mwone daktari wa masikio, pua na koo ukiwa mzima, ili siku ukiugua ajue nyuzi zako zilivyokuwa. Sindano ya kuondoa uvimbe kabla ya onyesho inaficha jeraha, haiponyi.

6. Mkataba. Wengi hulipwa kwa onyesho: hukuimba, hukulipwa, hata kama umefanya mazoezi wiki nyingi. Soma kifungu cha ugonjwa kabla ya kusaini, na uliza kwa maandishi nani analipia nauli na malazi. Kwa maandishi, nimesema, si kwa simu.