Klachi inalia, usipulize oili

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nina pikapu Hilux ya gia za mkono, nabebea karafuu huku Wete. Nikikanyaga klachi inalia kama ndege, nikiachia inanyamaza. Fundi wa hapa alipuliza oili kwenye tundu la uma wa klachi, ikatulia siku mbili, kisha ikarudi. Sasa nikipanda kilima injini inapiga kelele lakini gari haivuti. Mwengine kaniambia nitie oili nzito kwenye giaboksi. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam. Inayolia ni beringi ya klachi, ile inayosukumwa na uma ukikanyaga pedeli, na kutovuta huko kumeletwa na oili.

Nyumba ya klachi ni kavu kwa makusudi. Sahani ya klachi inaikamata flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, kwa msuguano mtupu. Ukiilowesha ni sawa na kushika samaki mbichi kwa mkono wenye mafuta. Na hiyo beringi unayotaka kuilainisha imezibwa kiwandani, grisi yake imo ndani. Ikishapikika kwa joto hakuna pa kuirudishia. Oili inatua juu juu, sauti inapungua, halafu mzunguko wa injini unairusha pembeni. Pembeni kuna nini? Sahani.

Siku zile nilishusha giaboksi ya gari ya kubebea samaki. Ndani yake mlikuwa na oili, vumbi jeusi la sahani na mchanga wa pwani, vimegandana mpaka nikakwangua kwa bisibisi. Mwenyewe alikuwa akipuliziwa kila Ijumaa, eti ndiyo sevisi! Na alikuwa akilipa.

Huyo wa oili nzito naye hajakuuliza hata inalia wakati gani. Oili ya giaboksi haifiki kwenye beringi ya klachi, katikati pana sili, yaani mpira wa kuzuia oili. Ingekuwa beringi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi, ungesikia kinyume chake: injini inawaka, gia huru, mguu haumo kwenye pedeli, inalia, ukikanyaga inanyamaza. Hata hapo oili nzito haitengenezi beringi iliyokwisha, itakufanya usumbuke kuingiza gia asubuhi tu. Fundi anayeshika kopo kabla hajakanyaga pedeli mwenyewe na kusikiliza, mwachie kopo lake.

Giaboksi ishuke. Badilisha seti nzima, yaani sahani, presha (bamba la springi linaloibana sahani) na beringi. Najua utasema mbona kilicholia ni beringi peke yake, lakini kazi ya kushusha ni ile ile, na beringi mpya kwenye presha iliyochakaa utarudi gereji kabla ya msimu wa karafuu kwisha. Kukiwa wazi, flaiwili itazamwe kama ina nyufa au madoa ya buluu, na sili ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, kama inavuja, maana ikivuja sahani mpya italowa bila ya mtu kupuliza kitu. Grisi inapakwa kidogo sana, kwenye egemeo la uma na kwenye meno ya shafti, tena ile ya kustahimili joto.

Na kwenye vilima vyenu vya Pemba, ukisimama na mzigo shika breki, usiizuie gari kwa klachi.

Iwapo fundi atakwambia sahani yako bado nene, ataiosha kwa petroli airudishe, kataa. Oili imeshanyonywa ndani. Ikipata moto kwenye mlima wa kwanza itatoka tena juu.