Jeti "hazioani" au "haziingiliani" na kabureta?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi magari hapa Mikindani. Nina Land Rover 109 ya mzee mmoja, injini ya petroli ya lita 2.25. Niliagiza jeti za kabureta na kifuniko chake kutoka duka moja la Dar es Salaam, mzigo ukaja kwa basi, nikafunga. Gari inawaka, lakini inatoa moshi mweusi na ukiachia mafuta inazima. Nikamwandikia muuza spea: "Jeti na kifuniko ulivyotuma hazioani na kabureta yangu." Kijana wangu wa gereji akacheka mpaka akakaa chini. "Fundi, jeti zinaoana? Mahari katoa nani?" Yeye anasema Kiswahili chake ni "haziingiliani". Muuza spea naye kajibu: "Namba zinalingana bosi, jeti ziko sawa." Nani mkweli kati yetu watatu? Na je, ni "hazioani" au "havioani"?

JIBU: Marahaba, fundi. Kwa asiye fundi: kabureta huchanganya mafuta na hewa kabla havijaingia kwenye injini, na jeti ni kipande kidogo chenye tundu linalopima mafuta hayo. Nianze na kijana, maana ndiye aliyecheka.

Kitenzi "oana" kilishatoka ukumbi wa harusi siku nyingi. Mama akisimama dukani na kanga mkononi anatafuta blauzi, husema rangi hizi zinaoana, zile hazioani, na hakuna anayemuuliza mshenga ni nani. Wazee wa Pwani wana neno tamu zaidi, "chukuana". Kitambaa hiki na kile vinachukuana, yaani kila kimoja kinambeba mwenzake bila kumlemea. Siku hizi nalisikia kwa nadra, na linanisikitisha kila ninapomsikia mtu akisema "haimechi" wakati bibi yake alikuwa na "haichukuani". Kwa hiyo ulipoandika "oana" hukukosea maana. Ni neno pana la vitu viwili tofauti vilivyoundwa vifanye kazi pamoja.

Hapo kwenye "tofauti" ndipo muuza spea alipoteleza. "Lingana" hutaka vitu vya aina moja, au kipimo kimoja. Unalinganisha jeti na jeti, urefu na urefu. Jeti na kabureta hazilingani hata siku moja. Zingelingana ungeichomeka wapi? Alichosema yeye ni kwamba namba ya jeti mpya na namba ya jeti ya zamani zinalingana. Ni kweli, lakini namba si jeti. Kwa kabureta za Weber, jeti iliyoandikwa 125 ina tundu la milimita 1.25. Wapo watengenezaji wengine ambao namba yao si upana wa tundu, bali ni kiasi cha mafuta kinachopita kwa dakika. Jeti mbili zinaweza kukaa kiganjani mwako, zote zimechapwa namba ileile, moja ikanywesha injini na nyingine ikailewesha.

Hata kwa mtengenezaji mmoja, tofauti inayoonekana ndogo kwa macho si ndogo kwa mafuta. Ukitoka 125 ukaenda 135, tundu limepanuka kwa sehemu 10 tu za mia za milimita, lakini eneo lake limeongezeka kama asilimia 17. Na hapo ndipo kitenzi cha tatu kinapofaa: "wiana". Petroli huungua vizuri ikipata hewa kama kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya mafuta. Mafuta yakizidi, hayawiani na hewa, plagi zinavaa masizi, na moshi unakuwa kama wa tanuri la mkaa. Moshi wako mweusi ni kosa la "wiana". Ukisema hivyo, mwenye kujua ameshaelewa atazame wapi.

Sasa "ingiliana". Kijana wako ana hoja, ila si kwa jeti hizi. Jeti ikigoma kushika hesi, ile mistari ya skrubu, ikazunguka robo mzunguko ikakwama, au ikapwaya, basi kweli jeti na kabureta haziingiliani. Lakini zako ziliingia, zikakaza, gari ikawaka. Ukimwandikia muuza spea kwamba haziingiliani, atakuomba picha, na picha itakuumbua.

Halafu neno lenyewe lina mizigo. Vipindi viwili shuleni vikipangwa saa moja tunasema ratiba zinaingiliana, yaani zinagongana. Redio mbili zikiingiliana hakuna inayosikika. Kwa maana hiyo, mtu akisema vipuri "haviingiliani", msikilizaji mwingine anaweza kuelewa kwamba mambo ni shwari! Na kama kijana alichekea mahari, mkumbushe "kuingiliana" hutumikaje kwenye kesi za mahakamani, tuone kama atalitaja tena mbele ya wateja.

Niliposoma barua yako nilikwenda gereji moja hapa Mtwara mjini, kwa fundi mtu mzima ambaye amezifungua Land Rover tangu zilipokuwa zikipanda Newala kwa mavumbi. Alikuwa na kabureta ya Zenith mezani. Hakugusa jeti kwanza. Alichukua kipande cha kioo cha dirisha, akalaza msasa mlaini juu yake, akageuza kifuniko cha kabureta uso chini, akakisugua mara tatu kwa mwendo wa duara. Akakigeuza. Pembeni chuma kilikuwa kimeng'aa, katikati bado cheusi.

"Unaona? Uso haulali."

Sikuwa nimelifikiria "lala" kwa matumizi hayo, na sasa sitaliacha. Kabureta hizi, hasa Zenith 36 IV, hujulikana kwa ugonjwa huo: joto la miaka na mkono mzito wa kukaza skrubu hupinda kifuniko, oringi, ile pete ya mpira iliyo chini yake, haibanwi sawasawa, mafuta yanapita pembeni badala ya kupita kwenye jeti. Dalili zake ni hizohizo zako, mafuta kuzidi na injini kuzima ukiachia. Jeti inasingiziwa. Kifuniko ulichotumiwa kiweke kwenye kioo kabla hujaendelea kugombana na watu.

Neno jingine la kuchunga katika oda yako ni lile dogo, "za". Kama uliagiza "jeti za Land Rover", umeacha mlango wazi. Injini kama yako imewahi kufungwa Solex 40 PA 10, baadaye Zenith 36 IV, na mafundi wengi wamebadilisha wakaweka Weber 34 ICH. Namba ya mbele kwa hizo zote ni upana wa koo, yaani njia ya hewa, kwa milimita, na 40, 36 na 34 si koo moja. Zote ni "za Land Rover", na jeti za moja si za nyingine. Anayejibu oda ya namna hiyo hukutumia iliyo karibu na mkono wake. Soma jina lililochapwa ubavuni mwa kabureta, ndilo uliandike.

Kuhusu "hazioani" na "havioani": tazama kilicho kabla ya kitenzi. Jeti peke yake ni ngeli ya i-/zi-, kwa hiyo "jeti hazioani na kabureta". "Jeti na kabureta hazioani" pia ni sawa, zote ni za ngeli hiyohiyo. Ila wewe uliweka jeti na kifuniko, ngeli mbili tofauti, na vitu visivyo na uhai vikichanganyika hivyo Kiswahili hukimbilia vi-: jeti na kifuniko havioani na kabureta. Sikio lako lilikuwa limeshajua, maana uliandika "ulivyotuma" vizuri kabisa, ukapotea kwenye neno lililofuata.

Ningekuwa mimi, na ubavuni nimesoma Zenith 36 IV, ningeandika hivi: "Kabureta yangu ni Zenith 36 IV. Jeti na kifuniko ulivyotuma havioani nayo. Jeti zinaingia, lakini namba zake hazifuati kipimo cha Zenith na mafuta hayawiani na hewa. Kifuniko hakilali." Hayo mawili ya mwisho yaandike baada ya kupima, si kabla. Na akikujibu tena kwamba namba zinalingana, muulize: zinalingana na nini?