Mashine inakata nguvu katikati ya Mkanda

SWALI: Nina mashine ya farasi 15, silinda mbili, ya kuchanganya petroli na oili. Ina zaidi ya miaka ishirini. Asubuhi inawaka mvuto wa pili. Tukitoka Lamu kwenda Pate, tukifika mlango wa bahari wa Mkanda nafungua moto wote, na kwa dakika moja hivi inakwenda vizuri. Kisha inalegea kama mtu anayekabwa koo, inabaki mwendo wa nusu. Nikipunguza inatulia. Fundi ameisafisha kabureta mara mbili, hali ni ile ile. Sasa aniambia pistoni zimekwisha, nitafute mashine nyingine. Ni kweli?
Msomaji, Matondoni

JIBU: Usinunue bado, nahodha. Mashine iliyokwisha pistoni huwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, na huwa dhaifu tangu inapoondoka gatini. Haikupi dakika moja ya nguvu kisha ikakunyang'anya. Na jeti kuu ya kabureta, yaani kitundu kinachopitisha mafuta, ingekuwa imeziba, udhaifu ungeonekana mara tu unapofungua.

Dakika hiyo ndiyo inayotoa siri. Bakuli la kabureta hubeba mafuta machache. Ukifungua wote, mashine hunywa kwanza yaliyomo, kisha hutegemea yanayokuja. Yakija kidogo kuliko inavyokunywa, hulegea. Ukipunguza, yanayokuja yanatosha. Basi tafuta kati ya tangi na kabureta.

Kipimo chake hakina gharama. Mwenzako ashike usukani, nawe ushike lile tumbo la mpira tunalolikamua kabla ya kuwasha. Mashine ikianza kulegea, kamua mara tatu nne. Ikirudi na nguvu, shida ni mafuta kutofika. Lakini kabla hujakamua, angalia tumbo lenyewe lilivyo:

Likiwa limebonyea na kushikana, pampu inavuta lakini huko nyuma kumezibwa. Fungua tundu la hewa juu ya kifuniko cha tangi. Wengi huliacha limefungwa, au chumvi imeligandisha. Kisha toa mrija wa ndani ya tangi uoshe chujio lake. Mpira wa zamani nao unaweza kuwa mzima kwa nje huku tabaka la ndani limebanduka na kufunga njia kila pampu inapovuta. Huo hauoshwi, hubadilishwa.

Likiwa limelegea na haliwi gumu hata ukikamua, hewa inaingia mahali. Tazama mipira midogo ya duara kwenye viungio vya ncha mbili, na vibanio vya mpira. Kata kipande cha mpira mweupe unaoona ndani, ukiunge kati ya tumbo na mashine kwa muda: mapovu yakipita, umeshamkamata mwizi. Huo hauoshwi, hubadilishwa.

Likiwa limejaa vizuri, halikubonyea, na bado kukamua kunairudisha mashine, twamshuku pampu. Pampu hii haina injini yake. Husukumwa na pumzi ya chumba cha krenki, chini ya pistoni, kupitia kiwambo chembamba, na kiwambo cha miaka ishirini hukakamaa au hutoboka. Kikitoboka, petroli huvuja kuingia krenki, na plagi moja hutoka imelowa kuliko mwenzake. Nunua seti nzima ya kiwambo, vali na gasketi. Piga picha kabla ya kufungua, maana kipande kikigeuzwa pampu haivuti kabisa.

Usiendelee kusafiri ukivumilia hali hii. Oili ya mashine yako imo ndani ya petroli, kwa hiyo petroli ikipungua na oili imepungua, na pistoni hukwama. Toa plagi uzitazame: hudhurungi ni salama, nyeupe ni moto kupita kiasi. Ukiona vichembe vinavyong'aa kama fedha, hiyo ni alumini ya pistoni. Zima, usiwashe tena mpaka ifunguliwe. Kama ni Yamaha 15 ya mtindo wa zamani, plagi ni NGK B7HS-10, mwanya milimita 0.9 hadi 1. Kaza kwa vidole mpaka ishike, kisha kwa spana robo hadi nusu mzunguko tu.

Kukamua kusipobadilisha kitu, geukia moto wa plagi. Zima mashine ingali ya moto, vua kofia ya plagi moja, uiunganishe na chuma cha mashine kwa waya, kisha washa. Rudia upande wa pili. Silinda ambayo kuizima hakubadilishi mlio ndiyo iliyokufa. Usichomoe waya mashine ikizunguka, moto ukikosa njia unaweza kuua koili au kisanduku cha CDI, vinavyopeleka umeme kwenye plagi. Koili iliyochoka hufanya kazi baridi na kukosa moto ikipata joto, kwa hiyo kuipima asubuhi ni kupoteza muda.

Ndipo mwisho tuzungumze pistoni. Toa plagi zote mbili, kata moto wa plagi kwa kuchomoa kamba ya usalama, fungua mkono wa mafuta wote, pima kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) kwa geji, ukivuta kamba ya kuwashia mara tano kila upande. PSI 110 na 108 ni nzuri kwa mzee huyu. 110 na 85 ni jambo jingine. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu na upime tena: ikipanda, ni ringi, isipopanda, tazama gasketi ya kichwa.

SWALI: Mashine inalia sana lakini boti haisogei. Rafadha haina kovu hata moja.
Msomaji, Shela

JIBU: Mpira ulio katikati ya rafadha unateleza. Chora mstari mmoja wa rangi unaotoka kwenye bomba la ndani la rafadha, ukivuka mpira, hadi kwenye mwili wake wa nje wenye vibawa, kisha nenda safari moja kwa kasi. Vipande viwili vya mstari vikiachana, mpira umekwisha. Kurudi gatini endesha polepole, huenda ukakubeba.

SWALI: Oili kiasi gani kwa dumu la lita 20? Kuna wanaotia ya pikipiki.
Msomaji, Malindi

JIBU: Kwa petroli 50 kwa oili 1, ni mililita 400, kwa lita 24, mililita 480. Iwe oili ya mashine za baharini yenye alama ya TC-W3. Ile ya pikipiki huacha masizi, ringi zikashikana kwenye mifuo yake. Tia oili kwenye petroli kidogo kwanza, tikisa, kisha jaza. Na petroli iliyokaa dumuni toka msimu uliopita, imimine kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, iache saa moja. Kama kuna mstari chini, hayo ni maji.