Kijana kamaliza chuo, yupo nyumbani, na wazazi wamenuniana

Mdogo wangu alimaliza chuo akarudi nyumbani, Tabata. Mwaka wa kwanza alionewa huruma. Wa pili, nyumba ikagawanyika: baba hataki kumkuta sebuleni saa nne asubuhi, mama anamwekea chakula kwenye hotpoti na kumpa hela ya bando kisirisiri. Baba akijua, wananuniana wao wawili. Mwenyewe yuko chumbani na simu.

Kama ndiyo hali ya kwako, msianze na kijana. Baba na mama wakae kwanza peke yao, wakubaliane hela ipi atapewa na ipi hatapewa. La sivyo, mmoja akikaza atamkimbilia mwingine, na hapo wala msimlaumu.

Kikao cha ukoo sikishauri. Kwetu walikuja baba mkubwa na shangazi, kila mtu akataja mtoto wa fulani aliyekwisha kujenga. Dogo akasema "nimewaelewa," na wiki ile hakuonekana hata mezani.

Kilichosaidia ni kumkabidhi umeme. LUKU ya nyumba nzima ikawa juu yake. Ikiisha, giza ni letu sote. Aliyeteseka zaidi ni baba. Umeme ulikata katikati ya taarifa ya habari, akatoa simu anunue, mama akamtazama, akairudisha mfukoni. Kesho yake dogo alikwenda kubeba spika kwa jamaa anayepiga muziki kwenye harusi, akarudi na elfu kumi na tano. Mama alimwambia tu, "Ahsante baba, samaki walishaanza kuyeyuka."

Na msimwite mvivu kabla ya kumuuliza ameomba kazi wapi na wapi. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilitangaza nafasi 70. Waliojitokeza kwenye usaili Uwanja wa Taifa walizidi 10,000. Mzee wetu aliajiriwa enzi ambazo ukimaliza chuo serikali inakupangia kituo. Foleni hiyo haijui.

Akishachangamka na kupata wenzake wa kuaminika, waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi isiyo na riba, na kati ya hizo 10, 4 ni za vijana. Waende wenyewe lakini. Mzee wetu alishavaa na viatu akamjazie fomu, tukamrudisha mlangoni.